Ilizunguka dakika kumi: hatari za kujitengenezea draivu ya mota nyumbani

Kijana alikuja karakana jioni akiwa amekumbatia boksi la viatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeleta nini humo?"

Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na bodi ya draivu, yaani kifaa cha kuongoza mwendo wa mota, aliyoilehemu kwa mkono, na transista sita, zile swichi za kielektroniki, zilizofungwa mstari mmoja juu ya bati la aluminiamu. Mbili kati yake zilikuwa zimepasuka tumbo. Plastiki nyeusi ilikuwa imebanduka kama ganda la muhogo, na kwenye aluminiamu palibaki kovu jeusi la ukubwa wa kidole gumba. Harufu ya moshi ilikuwa bado haijatoka.

"Ilizunguka, fundi," akasema kabla sijauliza. "Dakika kumi nzima ilizunguka vizuri kabisa. Nikapunguza mwendo, nikaongeza, ikatii. Halafu ikapiga pa! Breka ya ukutani haikukata hata."

Nimeisikia habari ya namna hii kutoka kwa mafundi wengi, na kila mara sentensi inayonishtua ni hiyo ya kwanza, kwamba ilizunguka. Mota ikishazunguka, mtu huona kazi ameimaliza, iliyobaki ni kutafuta boksi zuri na kupiga skrubu. Ukweli ni kwamba kuzungusha mota ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa ya draivu, ile inayokula muda na fedha za viwanda, ni namna itakavyofanya siku mambo yakiharibika. Saketi ya kijana yule ilikuwa na sehemu ya kwanza tu.

Anayeitaka draivu ni nani

Mwenye karakana amenunua mashine ya kukereza vyuma iliyotumika Ulaya. Imefika na mota ya njia tatu. Karakana yake ina umeme wa njia moja, na kuvutiwa laini ya njia tatu ni gharama na ni kusubiri. Hapo ndipo anapoambiwa habari za draivu, ambayo mafundi wengine huiita inveta na kwenye vibandiko huandikwa VFD. Ni kifaa kinachopokea umeme wa kawaida wa ukutani na kutoa umeme wa njia tatu, tena kwa masafa unayoyataka wewe. Mota ya nguzo nne iliyozoea umeme wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Ipe hezi 25, itazunguka karibu nusu ya hapo. Kwa mtu wa kukereza vyuma hiyo ni neema kubwa.

Kanuni yake haina ugumu. Umeme wa ukutani ni mkondo geu (AC), kwa Tanzania volti 230, kwa Kenya 240. Unapita kwenye daraja la dayodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, unakuwa mkondo mnyoofu (DC), unatulizwa na kapasita kubwa inayohifadhi umeme, kisha transista sita zilizopangwa jozi tatu zinaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde hadi mota idhani inapewa umeme laini wa njia tatu. Mchoro wake unaenea ukurasa mmoja. Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, inaweza kuongoza transista hizo. Vifaa vinapatikana Kariakoo, vingine unavifungua kwenye inveta mbovu za kuchomelea. Kwa nini basi usijitengenezee?

Tuanzie kwenye ile namba 230, maana imewadanganya wengi.

Volti 325, na kapasita isiyosahau

Volti 230 ni wastani wa aina yake. Kilele cha wimbi la umeme huo ni mara 1.41, yaani volti 325, na kapasita za draivu hujaa hadi kileleni. Kwa volti 240 za Kenya inakuwa karibu 340. Ukitumia njia tatu za volti 400, mkondo mnyoofu wa ndani unafika 565. Fundi aliyezoea kushikwa na umeme wa ukutani na kupona, na wengi wetu tumeshikwa, asijidhanie kwamba anamjua mnyama huyu. Breka ya kulinda watu, ile ya miliampea 30, hupima kama umeme unaokwenda ni sawa na unaorudi. Ukigusa chanya kwa mkono mmoja na hasi kwa mwingine, unaokwenda na unaorudi ni sawasawa, na breka haioni kosa lolote. Tena breka za aina ya kawaida kabisa zinatambua mkondo geu tu; mkondo mnyoofu ukivuja ardhini unaweza kuzipofusha zisikate hata pale zinapotakiwa. Ndiyo maana draivu za viwandani huja na maelekezo ya aina gani ya breka itumike mbele yake.

Halafu kuna kapasita yenyewe. Chukua ya mikrofaradi 1,000, ambayo ni ya kawaida kwa draivu ndogo. Ikijaa volti 325 inabeba nishati ya juli 53. Kwa kulinganisha, ni nishati ya jiwe la kilo tano na nusu lililodondoka kutoka mita moja, isipokuwa kapasita inaweza kuimwaga yote ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na haihitaji umeme wa ukutani ili ifanye hivyo. Umezima swichi, umechomoa plagi, umepumzika ukanywa chai, nayo bado imejaa.

Wenye uzoefu huweka rezista ya kumwagia kati ya chanya na hasi. Tuseme ni ya kilo-omu 100. Hesabu inatoa kwamba kutoka volti 325 hadi 50 zinahitajika dakika tatu na sekunde chache, na rezista hiyo itakuwa inatoa joto la wati moja muda wote mashine ikiwa imewashwa. Rezista ndogo ya robo wati itaungua siku ya kwanza bila wewe kujua, na kuanzia hapo kapasita haina wa kuimwaga. Kwa hiyo usiamini rezista, amini multimita. Nami nimeona kapasita iliyomwagwa ikasoma sifuri, ikaachwa mezani bila kitu chochote, na baada ya robo saa ikasoma tena volti kadhaa. Umeme huwa umezama ndani ya tabaka zake za kuhami na hurudi juu taratibu. Kapasita kubwa ikihifadhiwa, miguu yake ifungwe pamoja kwa waya.

Kumwaga kwa bisibisi ni desturi mbaya tuliyorithishana. Cheche ile inayeyusha ncha ya bisibisi, inaumiza kapasita yenyewe, na matone ya chuma cha moto yanaruka yanakotaka. Tumia rezista ya waya ya kilo-omu 2 na wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya zenye ganda zuri. Sekunde kumi zinatosha kuimaliza kapasita ya mikrofaradi 1,000. Kisha pima. Mkono mmoja mfukoni.

Kwa nini ilizunguka dakika kumi kisha ikalipuka

Turudi kwa kijana na boksi lake, maana hapa ndipo penye somo lenyewe.

Kila jozi ya transista ina ya juu na ya chini. Ya juu inaunganisha waya wa mota na chanya, ya chini inauunganisha na hasi. Zinapokezana. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, hata kwa muda mfupi sana, chanya na hasi zimeunganishwa moja kwa moja kupitia kwazo: ni shoti ya ndani kwa ndani. Ili kuepuka hilo, programu inazima moja, inasubiri kidogo, ndipo inawasha nyingine. Mwanya huo wa kusubiri ndio uhai wa draivu.

Nikamuuliza aliweka mwanya kiasi gani. Nanosekunde 500, akasema, aliona mtu ametumia hiyo.

Tukaketi na karatasi. Kati ya Arduino na transista alikuwa ameweka optokapula za HCPL-3120, vipuri vya kupitisha ishara kwa mwanga, uchaguzi mzuri, na nitasema baadaye kwa nini. Lakini optokapula huchelewesha ishara, na mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazicheleweshi sawa. Karatasi ya kiwanda inaruhusu tofauti ya hadi nanosekunde 350 kati ya moja na nyingine. Toa 350 kwenye 500, kwa siku mbaya zimebaki 150. Ndani ya hizo 150, transista ya IGBT, aina ya kukatia umeme mkubwa aliyoitumia, inatakiwa iwe imezima kabisa. Na IGBT ina tabia yake: ukiiambia izime, mkondo unakatika haraka mwanzoni kisha unaburuta mkia. Mkia huo unarefuka transista ikipata joto.

Basi tazama ilivyokwenda. Bati lilipokuwa la baridi, mkia ulikuwa mfupi, mwanya ukatosha kwa tabu. Dakika ya tatu bati likawa vuguvugu. Kila mzunguko transista ya juu na ya chini zilianza kupishana kwa kugusana mabega, na kila mguso ukaongeza joto, na joto likarefusha mkia. Dakika ya kumi zilikutana uso kwa uso.

Sikuwa na njia ya kuthibitisha kwa transista iliyokwisha kufa, na pengine moja ilikuwa ya bandia, kwa kuwa soko limejaa transista zilizokwanguliwa maandishi na kuandikwa upya. Lakini hesabu ya mwanya peke yake ilitosha kuiua.

Sasa, kuhusu breka ambayo haikukata. Alikuwa pia na fyuzi ya ampea 16, na ilikatika, ila ilikatika baada ya msiba. IGBT nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mota huvumilia shoti kwa mikrosekunde 5 hadi 10 tu. Nusu ya wimbi moja la umeme wa hezi 50 ni milisekunde 10, yaani mara elfu moja zaidi ya mikrosekunde 10. Breka au fyuzi ikiwa na haraka kiasi gani, inafika wakati wa matanga. Na zaidi ya hayo, nguvu iliyopasua zile transista haikutoka ukutani. Ilitoka kwenye kapasita iliyokuwa sentimita chache kutoka hapo, ndani ya saketi, upande ambao breka haiutazami.

Kinachoweza kuokoa transista ni saketi inayoitazama muda wote: inapima volti kati ya miguu yake ikiwa imewashwa, na ikiona imepanda isivyo kawaida, inaizima ndani ya mikrosekunde chache bila kuiuliza programu. Tena inaizima polepole kidogo kwa makusudi. Hilo la kuzima polepole huwashangaza watu, kwa hiyo nilieleze. Waya wa sentimita 10 una uinduktansi, yaani ukaidi wa kukataa mkondo ubadilike ghafla, wa takriban nanohenri 100. Ukikata ampea 50 kupitia waya huo ndani ya nanosekunde 50, waya wenyewe unazalisha volti 100 za ziada, zinazopanda juu ya zile 325. Jumla 425, transista ya volti 600 itavumilia. Wakati wa shoti mkondo unaweza kuwa ampea 200. Ukate kwa kasi ileile, waya unazalisha 400, jumla 725, na transista uliyokuwa unaiokoa umeiua mwenyewe kwa kuizima. Ndiyo sababu nyaya ndefu nzuri zilizopangwa kama nywele za kusuka hazifai kwenye draivu. Zinatakiwa ziwe fupi, pana, chanya na hasi zimelaliana.

Mahali ambapo mtu anauawa na kifaa chake cha kupimia

Kijana alikuwa ameunganisha laptopu kwenye Arduino kwa waya wa USB wakati transista zinapasuka. Laptopu ilipona, naye alikuwa ameweka vidole kwenye kibodi. Optokapula ndizo zilizomwokoa: ndani yake ishara inavuka kwa mwanga, hakuna waya unaounganisha upande wa volti 325 na upande wa Arduino. Angetumia zile saketi za bei nafuu zisizotenganisha pande mbili, hasi ya Arduino ingekuwa ndiyo hasi ya umeme mkubwa, na ganda la chuma la laptopu lingekuwa kwenye umeme wa ukutani. Ninaposema alifanya uchaguzi mzuri, namaanisha hivyo.

Lakini aliniambia kwamba wiki hiyo alipanga kuazima oskiloskopu ili aone mawimbi. Hapo nikamshika mkono. Klipu nyeusi ya oskiloskopu imeunganishwa na waya wa ardhi wa plagi. Hasi ya draivu, ingawa inaitwa hasi, haiko ardhini. Kila waya moto unapokuwa upande wa chini wa wimbi, dayodi zinaivuta hasi hiyo hadi volti 325 chini ya ardhi. Bana klipu hapo na umeunganisha waya moto na ardhi kupitia dayodi na oskiloskopu ya watu. Cheche, dayodi zimekwenda, na pengine mkono wako ulikuwa kwenye klipu.

Kuna wanaokwepa kwa kukata mguu wa ardhi wa plagi ya oskiloskopu. Naomba nisieleweke vibaya: usifanye hivyo kamwe. Kifaa kitaacha kulipuka, na badala yake ganda lake lote na kila kitasa cha chuma kitakuwa na umeme wa kuua, kikikaa kimya mezani kikisubiri mtu akiguse. Kinachotakiwa ni probu ya kutofautisha, inayopima volti kati ya nukta mbili bila kufunga yoyote ardhini, iliyotengenezwa kwa volti hizo, na kama huna, basi bado hujafika kwenye volti hizo.

Mambo yanayompata asiyekuwapo kwenye meza

Mpaka hapa anayeumia ni fundi mwenyewe. Linaloninyima usingizi zaidi ni yule atakayeitumia mashine baadaye bila kujua ndani mna nini.

Fikiria umeme umekatika katikati ya kazi, jambo ambalo kwetu halihitaji kusimuliwa. Mtu anaacha kitasa cha mwendo pale kilipokuwa. Anafungua kichwa cha mashine, anaingiza mkono kutoa chuma kilichonasa. Umeme unarudi. Arduino inaamka, inasoma kitasa, inakiona kiko katikati, inawasha mota. Haikuharibika kitu; kila sehemu ilifanya kazi yake. Programu iliandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria kuzungusha, hakufikiria kukaa kimya. Draivu ya kweli, umeme ukirudi, hutulia mpaka mtu abonyeze kitufe upya, na kitufe cha dharura hukata kwa waya, si kwa kuiomba programu.

Tena Arduino inapoamka, kwa muda mfupi miguu yake haiko juu wala chini, inaelea. Ikiwa hakuna rezista ya kuvuta geti, yaani mguu unaoiamuru transista, chini, transista zinajiamulia.

Jingine ni hizi mota za mkondo mnyoofu za mashine za kukimbilia mazoezini, ambazo watu wanazipenda sana kwa kujengea mashine ndogo. Draivu yake mara nyingi ni transista moja tu inayokatakata umeme. Mosfeti, transista ya aina hiyo, ikifa, kwa kawaida hufa ikiwa imeshikana, yaani imewashwa moja kwa moja. Maana yake mota inakwenda mwendo wa mwisho, na kuzungusha kitasa kurudi sifuri hakusaidii lolote. Mwenye msumeno juu ya mota kama hiyo asipokuwa na kontakta inayokata umeme wote, hana breki.

Halafu kuna jambo la kusimamisha. Nilipolieleza kwa kijana hakuamini, tukalipiga hesabu. Gurudumu la chuma la kilo 20, upana sentimita 60, likizunguka mara 1,440 kwa dakika, linabeba takriban juli 10,000. Ukishusha masafa ya draivu ghafla, mota inakuwa jenereta, na juli hizo zinaanza kurudi ndani ya draivu. Dayodi haziziruhusu kurudi ukutani. Zinaingia kwenye kapasita. Kapasita yetu ya mikrofaradi 1,000 kutoka volti 325 hadi 400, ambao ndio mwisho wa kapasita nyingi za bei nafuu, inahitaji juli 27 tu. Ishirini na saba. Nyingine zitapotea kwa msuguano na joto la mota, lakini hata asilimia moja ya juli 10,000 ni mara tatu na zaidi ya nafasi iliyopo. Volti zinapanda kupita 400, kapasita inafura, paji lake lenye mikato linapasuka na mvuke moto unatoka. Ukiwa umeinamia bodi wakati huo, uso ndio unaopokea. Draivu ya dukani hupima volti hizo muda wote. Zikipanda inapunguza kasi ya kusimama, au inazichomea kwenye rezista ya breki, au inazima transista zote na kuliacha gurudumu lijizungukie.

Moto nao hauhitaji kishindo. Bodi za matundu tunazolehemia zina umbali wa milimita mbili na nusu kutoka tundu hadi tundu, na kati ya lehemu mbili hubaki chini ya hapo. Kutenganisha umeme wa ukutani na upande unaoguswa na mtu, waundaji huacha kwa kawaida milimita 6 hadi 8. Mezani zile mbili zinatosha. Kipeleke kifaa kwenye mashine ya kusaga, unga utande, kisha usiku unyevu wa pwani uuloweshe unga, na siku moja njia ndogo nyeusi itaanza kutambaa kati ya lehemu na lehemu. Boksi likiwa la mbao au plastiki ya ndoo, limepata kuni.

Nitataja haraka pia kwamba mota yenyewe huteswa: ncha kali za mawimbi huchosha ganda la nyaya zake, hasa waya wa kwenda kwenye mota ukiwa mrefu, na feni yake haipozi kitu ikizunguka polepole. Haya yanaikuta mota hata kwa draivu nzuri.

Tulichofanya

Wapo watakaosema basi watu waache kujifunza. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana aliyelehemu transista sita kwa mkono na kuifanya mota izunguke ana kichwa ambacho nchi inakihitaji, na kumwambia aache ni hasara ya watu wote. Ninachopinga ni kujifunzia kwenye volti 325 na kisha kumkabidhi mtu mwingine kifaa cha kujifunzia.

Mashine yake ya kukereza tuliiwekea draivu ya dukani, inayoingiza njia moja na kutoa njia tatu, kilowati 1.5. Viwanda makini hutengeneza hizi kwa kufuata kanuni ya kimataifa ya usalama, IEC 61800-5-1, na mengi niliyoyaandika hapa yamo ndani yake. Kwenye kibandiko cha mota paliandikwa 230/400, yaani volti 230 nyaya zake zikiungwa kwa mtindo wa delta na 400 zikiungwa kwa mtindo wa nyota, kwa hiyo tulifungua sanduku la nyaya tukahamisha vibati kutoka nyota kwenda delta, kwa sababu draivu ya aina hiyo hutoa volti 230 kati ya waya na waya. Mota iliyoandikwa 400/690 isingefaa. Waya wa ardhi ukafungwa hadi kwenye mwili wa mashine. Ndani ya mlango nikabandika karatasi: zima, subiri dakika kumi, pima.

Bodi yake nayo hatukuitupa. Tuliweka transista mpya, tukaileta chini hadi volti 24 kutoka kwenye pawasapulai yenye kikomo cha mkondo, na mota ndogo. Kwa volti 24 klipu ya oskiloskopu inabanwa kwenye hasi bila kuogopa, mradi pawasapulai yenyewe haijafungwa ardhini upande mwingine, na kosa la mwanya linaonekana kama mkondo uliopanda kwenye kioo badala ya kama kishindo. Nilimwonya asidhani volti ndogo ni mchezo: betri ya gari ya volti 12 ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, inatosha kuyeyusha pete kidoleni. Ndiyo maana ya kikomo.

Kabla ya kupanda juu zaidi, tumekubaliana kwamba umeme utapitia kwanza balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano. Balbu hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya nusu ampea ikishapata joto. Bodi ikiwa na shoti, balbu inawaka badala ya bodi. Haizuii kapasita iliyokwishajaa isimwagike ndani ya transista, kwa hiyo majaribio hayo yanaanza na kapasita ndogo, miwani usoni, bodi ndani ya kasha lenye kifuniko, na mtu wa pili chumbani anayejua swichi kuu iko wapi.

Jana alinipigia. Ameongeza mwanya hadi mikrosekunde 2, kisha akaipasha bodi joto kwa mashine ya kukaushia nywele ya dada yake huku akitazama mawimbi. Mkia umerefuka kama tulivyohesabu, akasema, lakini kati ya kuzima kwa moja na kuwaka kwa nyingine bado kuna nafasi. Nikamwambia aongeze joto kidogo aitazame tena.